Ando, Kuma au Ban: ukitaka kumsoma mmoja, uanze na yupi?

Juzi binamu yangu anayesoma usanifu wa majengo, yuko mwaka wa pili, kanitumia meseji saa nne usiku: "Kaka, mwalimu katwambia kila mtu achague msanifu mmoja wa Kijapani aliye hai amchambue. Darasa zima limemkimbilia Ando. Na mimi nimchukue?" Nikamjibu kwa voisi. Ya kwanza dakika tatu, ya pili dakika saba, kwenye ya tatu akanikatisha, kaka andika tu, bando langu linaisha. Basi ndo hii.

Ila siandikii wanafunzi peke yao. Kuna mtu anajenga kwake, kaona picha za kuta za zege lisilopigwa lipu wala rangi akazipenda, kuna mwingine anaenda Japani kikazi, ana siku mbili za kuzurura na hajui akaone jengo gani, kuna yule yuko kwenye shirika la wakimbizi anatafuta mawazo. Wote hao wakianza kutafuta wanakutana na majina haya haya: Tadao Ando, Kengo Kuma, Shigeru Ban. Wapo wakali wengine, Toyo Ito yupo, Kazuyo Sejima na mwenzie Ryue Nishizawa wapo, lakini hawa watatu nimewaweka pamoja kwa sababu moja ya kifundi kabisa, kila mmoja ukimtaja tu unakumbuka anajengea nini. Ando zege. Kuma mbao. Ban karatasi. Ndiyo, karatasi, tutafika huko.

Vigezo kwanza

Ukiwalinganisha kwa picha umepotea, maana wote wana picha kali, na mpiga picha mzuri anaweza kukifanya hata kibanda cha mlinzi kionekane kaburi la mfalme. Mi nawapima kwa mambo matano: mtu katokea wapi, anajengea nini na anahitaji fundi wa namna gani, jengo lipi ukiliangalia unamwelewa, jengo lake likishapigwa na mvua na jua na watu linazeekaje, alafu mwisho anamfaa nani. Hilo la nne watu wanalirukaga. Mi nimekaa saiti miaka kadhaa, kwa hiyo kwangu ndo lenye uzito kuliko yote, na utaniona nalirudia rudia, nivumilie.

TADAO ANDO

Alikotokea

Osaka, 1941, pacha, akalelewa na bibi yake. Chuo cha usanifu hakwenda. Ujana wake alipigana ngumi za kulipwa, alafu usanifu akajifunza mwenyewe, kununua vitabu vya mitumba, kuchora juu ya michoro ya Le Corbusier, yule msanifu maarufu wa Ulaya, mpaka mistari ikamkaa mkononi. 1965 akapanda treni kuvuka Siberia kwenda Ulaya, moja ya matumaini yake ni kumwona huyo huyo Le Corbusier, mzee akafariki Agosti mwaka huo kabla hawajaonana. Baadaye alifuga mbwa akampa jina la Le Corbusier, sijui ni heshima au ni utani, labda vyote. Ofisi kafungua 1969 hapo hapo Osaka. 1995 akapewa tuzo ya Pritzker, ambayo watu wa fani wanaichukulia kama Nobeli yao, na zile dola 100,000 akazitoa kwa watoto walioachwa yatima na tetemeko la Kobe la mwaka huo.

Anajengea nini, na fundi gani

Zege tupu. Ukuta unavyotoka kwenye fomu, yani lile boksi la mbao linalomwagiwa zege, ndo unavyobaki, hamna lipu, hamna rangi. Mabamba ya fomu anayapanga kwa kipimo cha sentimita 90 kwa 180, karibu sawa na mkeka wa tatami wa nyumba za Kijapani, na kila bamba linaacha vitundu sita vilivyopangana, pale zilipopita zile pini za kubana fomu. Vile vitundu watu wanadhani ni urembo. Ni kovu la kazi, ila kovu lililopangwa kwenye ramani kabla hata saruji haijanunuliwa.

Sasa hapa niseme jambo. Kwenye zege la Ando mtu muhimu siyo anayechanganya, ni seremala wa fomu. Fomu ikiachia mwanya wa milimita mbili tu uji wa saruji unavuja, unabaki na kokoto zinachungulia. Najua kwa sababu yalinikuta. Kuna mteja alitaka ukuta mmoja wa sebuleni uwe "kama ule wa Mjapani", nikasema hamna shida, tukanunua plaiwudi mpya, tukapaka oili, tukafunga mirunda, siku ya kumwaga vaibreta, mashine ya kushindilia zege, ikazima katikati tukamalizia kwa kuchoma choma na nondo. Kufungua fomu siku ya pili, chini pale laini kabisa unaweza kujiona sura, kuanzia kiunoni kwenda juu matundu matundu kama sega la nyuki. Mteja kaja, kaangalia, kakaa kimya muda mrefu. Fundi wangu akamwambia "mzee, tukipiga lipu haitaonekana." Tukapiga lipu. Ukuta wa Mjapani ukaishia hapo.

Jengo la kumwelewa

Watu watakupeleka kwenye Kanisa la Mwanga, Ibaraki, 1989, lile la ukuta uliokatwa msalaba jua linapita, na ni zuri kweli, siwezi kubisha. Inajulikana kwamba Ando alitaka ule mkato usiwe na kioo, upepo na mwanga viingie pamoja, waumini wakasema hapana, baridi, kikawekwa kioo.

Ila mi nakwambia anzia nyumba ya Azuma, Sumiyoshi, 1976. Ni kinyumba cha zege kimebanwa kati ya nyumba za zamani, upana wake mdogo sana, na Ando kakigawa mara tatu alafu kipande cha katikati kakiacha wazi, hakina paa. Yani ukitoka sebuleni kwenda jikoni unapita nje. Ukitoka chumbani usiku kwenda chooni na mvua inanyesha, unachukua mwavuli. Sisi tuliokulia nyumba za uani tunaweza kusema kwani kuna nini hapo, choo si kiko uani siku zote! Tofauti ni kwamba Osaka kuna majira ya baridi, na tofauti nyingine ni kwamba sisi uani kuna maisha, mtu anapika, mwingine anafua, kuku wanapita. Kwa Ando uani kuna anga tu. Kakusudia hivyo, mtu wa mjini akumbushwe kwamba kuna mvua.

Linazeekaje

Kwa Japani, kwa mafundi wale, linazeeka vizuri, madoa ya maji yanatelemka ukutani na watu wanayaita uzuri. Kwa mwambao wetu fikiria mara mbili. Hewa ya chumvi ikipata upenyo mpaka kwenye nondo, nondo inashika kutu, kutu inavimba, zege linabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Zege la kufunika nondo lazima liwe nene la kutosha na lishindiliwe vizuri. Alafu joto: ukuta mnene wa zege uliopigwa na jua la saa tisa unalirudisha lile joto ndani saa nne usiku, na wewe umelala.

Anamfaa nani

Mwanafunzi anayetaka kuelewa mwanga na ukimya. Anayejenga na ana hela ya seremala mzuri wa fomu na subira ya kumwaga sampuli ya ukuta kwanza (mi sikumwaga sampuli). Na yeyote ambaye hakupata chuo anatafuta moyo, huyu baba hana shahada ya usanifu na kafika pale.

KENGO KUMA

Alikotokea

Yokohama, 1954. Mwaka 1964 Tokyo wana Olimpiki yao ya kwanza, baba yake kampeleka kuona ukumbi wa Yoyogi alioujenga Kenzo Tange, ule wa paa linaloning'inia, mtoto wa miaka kumi akaamua hapo hapo atakuwa msanifu. Akasoma Chuo Kikuu cha Tokyo, mwalimu wake Hiroshi Hara, na akiwa mwanafunzi wakasafiri pamoja kuvuka Sahara wakipima vijiji vya huko, jinsi nyumba ndogo ndogo zinavyojikusanya. Ukiyaangalia majengo yake ya leo, vipande vidogo vingi vinakaa pamoja, unaweza kuona ile safari, ingawa hilo ni wazo langu mimi.

Kipande cha maisha yake ninachokipenda ni kuanguka kwake. 1991, Japani ina hela za kumwaga, Kuma kajenga Tokyo jengo linaitwa M2, la kuonyeshea magari, katikati kaweka nguzo moja ya Kigiriki kubwa kama ghorofa, kubwa ya kuchekesha, na watu wakacheka kweli, wakamshambulia. Mapovu ya uchumi yakapasuka wakati huo huo. Karibu miaka kumi Tokyo hamna anayempa kazi ya maana. Akaenda mikoani, kwenye mji mdogo wa milimani unaitwa Yusuhara, kisiwa cha Shikoku, ambako kulikuwa na ukumbi wa zamani wa mbao wanataka kuuokoa usivunjwe. Akakaa na maseremala wa kule. Akajifunza upya. Leo huo mji mdogo una majengo yake kadhaa, likiwemo lile la daraja la mbao la 2010, na ile M2 ya kuonyeshea magari siku hizi ni ukumbi wa misiba. Mi naona ni mwisho wenye heshima kuliko majengo mengi.

Anajengea nini, na fundi gani

Mbao, ila siyo mbao nene. Kuma anapenda vipande vyembamba vingi, mwanga unachujwa katikati kama unavyochujwa na jamvi la ukili ukilining'iniza dirishani. Kanuni yake ni kwamba jengo lisijitutumue, lijifiche, na vitu vitoke pale pale lilipo jengo, kama kuna mawe basi mawe, kama kuna mwanzi basi mwanzi.

Kuangalia kwa karibu, chukua jumba la makumbusho la GC Prostho, Japani, 2010. Limejengwa kwa kiungio kinaitwa chidori, kimetoka kwenye kitu cha kuchezea watoto cha eneo la Hida: vijiti vitatu vyenye makato, unaviingiza, unazungusha kimoja, vinakazana, bila msumari wala gundi. Kuma kavichukua vile vijiti kavikuza vikawa vya sentimita sita kwa sita, kavipanga mpaka vikawa jengo. Mwonyeshe seremala yeyote wa Keko au Gikomba picha ya kile kiungio, ataacha randa chini. Kwa hiyo fundi wa Kuma ni seremala wa viungio, mwenye msumeno unaokata pale ulipochora, siyo karibu na pale ulipochora.

Ila tuwe wakweli, si kila mbao yake inabeba kitu. Kwenye majengo makubwa, mifupa ni chuma na zege, mbao imevaliwa juu. Wakosoaji wanamwambia hilo kila siku.

Jengo la kumwelewa

Kwa urahisi wa kufika, kituo cha utalii cha Asakusa, 2012, kinatazamana na lile geti la Kaminarimon lenye taa kubwa nyekundu, ghorofa nane kama vijumba vimebebana, kuingia bure, juu kuna pa kuangalia mji.

Na Uwanja wa Taifa wa Japani, 2019. Mwanzo ulikuwa uwe wa msanifu Zaha Hadid, 2015 serikali ikaufuta ule mchoro kwa kelele za gharama, Kuma akashinda na wenzake. Mikingo yake ya nje ina mbao kutoka mikoa yote 47 ya Japani. Wabongo wengi tumeuona uwanja huu bila kujua ni wake nani, ndo ule ule Alphonce Simbu alimaliziamo marathoni ya dunia Septemba 2025, wakatofautishwa na Mjerumani kwa sekunde 0.03, dhahabu ikaja nyumbani. We ulikuwa unaangalia miguu. Irudie ile video safari hii uangalie paa.

Linazeekaje

Hapa ndo pabaya pake. Jumba la makumbusho la Hiroshige kule Bato, la mwaka 2000, limemjengea jina, lote limefunikwa vipande vya mierezi mpaka kwenye paa, yani mbao zimelala juani na mvuani. Haikufika miaka 25 zikaoza, zikadondoka, na mji ule ni mdogo, hela za kukarabati zikawa mzigo wa kuombea michango. Binafsi sishangai, babu yangu hakusoma usanifu lakini hakuwahi kuacha mbao mvuani, aliweka upenu. Kwetu ongeza mchwa. Ukimwiga Kuma Tanga au Mombasa, mbao ziwe chini ya upenu mpana, ziwe zimepigwa dawa, ziwe zinabadilishika moja moja bila kubomoa ukuta mzima.

Anamfaa nani

Mwanafunzi anayependa kutengeneza modeli kwa mkono. Mwenye karakana. Mwenye hoteli au mgahawa anayetaka sura ya asili bila kuigiza kijiji. Na mtu aliyefeli kazi moja mbele za watu, hadithi ya M2 itamsaidia kuliko hotuba.

SHIGERU BAN

Alikotokea

Tokyo, 1957. Mama mbunifu wa mavazi, baba alifanya kazi Toyota. Nyumbani kwao maseremala walikuwa wanakuja kurekebisha rekebisha, dogo akawa anaokota vipande vya mbao, alitaka awe seremala. Akasomea usanifu Marekani, kwanza Los Angeles, alafu Cooper Union, New York. 1985 kafungua ofisi Tokyo.

Anajengea nini, na fundi gani

Unalijua lile bomba la karatasi ngumu lililo katikati ya jora la kitambaa? Hilo. Kitambaa kikiisha linatupwa au watoto wanapigania. Ban alibaki na mabomba ya namna hiyo ofisini akaona ni dhambi kuyatupa, na 1986 alipopewa kazi ya kupamba maonyesho ya msanifu wa Ufini, Alvar Aalto, bajeti ya mbao haipo, akatumia yale mabomba. Akagundua ni magumu kuliko alivyofikiri. Akayapeleka kupimwa nguvu. Unayapaka dawa ya maji na ya moto, unapata nguzo.

1994, Rwanda. Watu zaidi ya milioni mbili wamekimbia makwao, Umoja wa Mataifa unawagawia maturubai na mabomba ya alumini ya kusimamishia. Watu wakayauza mabomba, alumini ni hela bwana, alafu wakaingia msituni kukata miti ya kusimamishia maturubai. Ban kaona picha za watu wanatetemeka na baridi, kafunga safari mpaka Geneva ofisi za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na wazo lake: wapeni mabomba ya karatasi, hayana soko, hamna atakayeyauza, na miti itapona. Wakamchukua kama mshauri, na 1999 vibanda 50 vya majaribio vikajengwa kambi ya Byumba, Rwanda. Hili la Byumba kwenye vitabu linapewa mistari miwili mitatu. Kwangu ndo penyewe, maana wengi huangalia kama kitu kina nguvu, yeye kaangalia kama kinauzika. Msanifu anayejua bei ya alumini mtaani, huyo nitamsikiliza.

Fundi wake? Karibu mtu yeyote. Wanafunzi, waumini, wakimbizi wenyewe. Nafasi ya kukosea ni kubwa kuliko kwa Ando na Kuma, na imeachwa makusudi.

Jengo la kumwelewa

Kobe, 1995, baada ya tetemeko. Kwenye kiwanja cha kanisa la Takatori walikuwepo wakimbizi wa Kivietinamu wanaishi kwenye maturubai. Ban kawajengea vijumba, ukuta mabomba ya karatasi yamesimamishwa kama fito zilizobanana, paa turubai, na msingi, sikiliza hii, kreti za bia zilizojazwa mifuko ya mchanga. Kreti za bia! Kila mtaa una kreti. Alafu akajenga kanisa la muda kwa nguzo 58 za karatasi, watu wa kujitolea ndo mafundi. Lilikusudiwa la muda mfupi, likakaa miaka kumi, lilipofumuliwa vipande halikutupwa, likasafirishwa Taiwan ambako nako tetemeko lilipita 1999, na mpaka leo lipo kule. Yeye anasema zege lililojengwa kutafuta faida linaweza kuvunjwa kesho, na karatasi watu wakiipenda inabaki.

Christchurch, Nyuzilandi, 2013, kanisa kuu liliharibiwa vibaya na tetemeko la 2011, Ban kachora jingine la muda bila kudai malipo, watu 700, mabomba ya karatasi juu, makontena ya meli pembeni. Onagawa, Japani, 2011, baada ya tsunami, ardhi tambarare haitoshi, kapanga makontena ghorofa tatu kama ubao wa drafti, moja limejaa, linalofuata wazi. Na kwenye majumba ya michezo waliyolala maelfu ya watu kaweka mapazia kwenye fremu za karatasi, familia ipate pa kubadilishia nguo bila kuangaliwa. Hiyo ya mapazia haina hata picha nzuri. Ila muulize mama yeyote aliyewahi kulala darasani na watu mia baada ya mafuriko.

Hajakaa kwenye maafa tu lakini, asije mtu akadhani ni mtawa. Kajenga jumba la sanaa la Pompidou la Metz, Ufaransa, 2010, paa lake mbao zimesukwa kama kofia ya mkulima wa Kichina, kajenga ofisi za kampuni ya magazeti ya Tamedia, Zurich, mbao tupu zimeungana bila chuma. Pritzker kapata 2014. Na huku kwetu, 2017 UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, ilishirikiana naye kufikiria nyumba za wakimbizi wa Kalobeyei, Turkana, Kenya.

Linazeekaje

Inategemea jengo liliombwa likae muda gani. Karatasi ikiloa imekwisha, kwa hiyo kila kitu ni kuifunika na kuiinua toka chini. Na kama ilivyo kwa Kuma, usidanganyike, Christchurch ndani ya yale mabomba kuna mihimili ya mbao, na kule Hannover, maonyesho ya 2000, serikali ya Ujerumani ilimlazimisha aongeze mbao kwenye paa la karatasi kwa sababu sheria zao hazijui karatasi ni nini. Ukitaka kumwiga hapa, swali la kwanza siyo mvua, ni kibali. Nenda halmashauri na ramani imeandikwa "nguzo: karatasi" alafu uje unisimulie.

Anamfaa nani

Anayefanya kazi na mashirika ya maafa. Mwanafunzi asiye na hela ya modeli, maana mabomba yapo bure. Mwenye kujenga kitu cha muda, banda la sabasaba, jukwaa, darasa la dharura. Kama unajenga nyumba ya kurithisha wajukuu, msome kwa akili yake, karatasi yake waachie wengine.

Kwa hali yako

Una mada ya darasani wiki mbili, maktaba mbovu: Ban anaeleweka haraka, ila mwalimu atakuuliza gharama na sheria, jiandae. Ando ana picha na michoro mingi kuliko wote, shida darasa zima litakuwa nae, itabidi uwe na jambo jipya, labda mwavuli wa Azuma badala ya msalaba wa Ibaraki. Kuma chukua kama uko tayari kumtetea na kumshtaki kwenye mada moja.

Unajenga kwako, bajeti ya kawaida: usichukue sura ya yeyote. Kwa Ando chukua uani wenye mwanga, kwa Kuma chukua kichujio cha mbao upande wa jua la jioni, chini ya upenu, kwa Ban chukua ile tabia ya kuangalia kitu kinachotupwa mtaani kwako. Ukiwa na bajeti nene na umeng'ang'ania zege tupu, mwaga ukuta wa majaribio mita moja nyuma ya stoo kwanza. Na uwe na vaibreta mbili.

Uko Japani siku mbili, Tokyo: Asakusa na uwanja wa taifa, Kuma, vyote vinafikika kwa treni. Ban wa Tokyo utamkuta chooni, sikutanii, kuna vyoo vyake vya umma Shibuya vya 2020, kuta za kioo unaona ndani, ukifunga mlango kioo kinaziba. Ukiwa upande wa Osaka, Ando, lakini makanisa na nyumba za watu huendi tu, hakikisha kwanza wanapokea wageni, na kama una siku nzima ya ziada nenda kisiwa cha Naoshima, jumba la sanaa la Chichu la 2004 limezikwa ardhini na bado mwanga wa jua umo humo.

Uko Ulaya au Marekani: Uskochi kuna jumba la makumbusho la V&A la Dundee la Kuma, 2018, Paris kuna jumba la sanaa la Bourse de Commerce alilolikarabati Ando, 2021, Metz yupo Ban. Texas kuna jumba la sanaa la Fort Worth la Ando, 2002, linaelea juu ya bwawa.

Uko kambini au ofisi ya maafa: Byumba na Kobe, soma zote mbili pamoja, usisome moja.

Binamu kanijibu kesho yake mchana, meseji moja na picha. Kwenye picha kabeba mabomba matano begani anavuka barabara Kariakoo. "Kaka, wauza vitambaa wamenipa bure ila wote wanauliza ya nini, nikiwaambia najenga kanisa wanacheka. Kreti za bia baba mwenye grosari anataka amana."